Kulala kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza na familia: tupeane uzoefu

Baba wa Watatu (Nyakato)
Heshima kwenu nyote. Jana nilitandaza hema letu uani lipate jua, na kutoka kwenye begi lake nikamwaga mchanga wa ufukwe wa Igombe wa mwaka jana, magamba mawili ya sato, na kijiko cha supu ambacho si chetu, kwa maana mpini wake una herufi M iliyokwaruzwa kwa msumari na nyumbani kwetu hakuna mtu anayeandika vijiko. Nikaukumbuka usiku ule. Tulifika Jumamosi mchana jua likiwa kali, tukasimika hema hatua kumi hivi kutoka majini kwa sababu watoto walitaka kulala wakisikia mawimbi. Saa kumi usiku waliyasikia kweli. Upepo uligeuka ghafla, mvua ikaja ikiwa imelala, na maji yakafika kwenye godoro la mke wangu kabla radi ya pili haijapiga. Tulimalizia usiku ndani ya gari, watu watano na sufuria la wali, vioo vimejaa ukungu, huku mtoto wa kati akiuliza kila baada ya dakika kama hiyo ndiyo kambi yenyewe. Sasa wameanza kuomba turudi. Naomba mliowahi kulala ufukweni na familia mtueleze yaliyowakuta.

Nahodha Mstaafu
Ndugu yangu, mvua hiyo ina saa zake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa kabla ya maji, upepo hugeuka na kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana huko katikati na kupanda, ndipo wingu la radi hujengeka watu wakiwa usingizini. Anayesimika hema kwa kutazama anga la alasiri anatazama anga lisilomhusu. Panda juu, upite mstari wa takataka ulioachwa na mawimbi, na usijibanze chini ya mti mrefu uliosimama peke yake.

Binti wa Kirumba
Yetu ilikuwa hivyohivyo, isipokuwa gari lilikuwa limekwisha kuondoka.

Mama Tumaini (Buhongwa)
Nilikuwa nimeapa kutoyasimulia haya, lakini mlipotaja usiku na hema mwili umenisisimka.

Ilikuwa kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, kwa hiyo tulivuka kwa kivuko, mimi, mume wangu, mama mkwe, wifi yangu na watoto wanne, tukaenda kwenye ghuba moja ndogo upande wa Sengerema ambako nyasi zilikuwa fupi na laini kana kwamba kuna mtu aliyezifyeka. Palikuwa pia na kijinjia kilichosafishika, chenye mifereji miwili na tuta jembamba katikati, kikitoka majini kupanda hadi karibu na mashamba ya viazi. Mume wangu alifurahi sana, akasema njia tumeikuta tayari, hatutateleza tukienda kuchota maji. Tukasimika hema papo hapo.

Nadhani ilikuwa saa nane. Niliamshwa na sauti ya kitu kinachong'oa nyasi kwa utaratibu, kama ng'ombe, ila kila mng'oo ulikuwa mkubwa kupita wa ng'ombe yeyote, na baada yake pumzi ndefu yenye harufu ya matope. Mama mkwe, aliyekulia kandokando ya ziwa, alikuwa macho tayari. Alinishika mkono, akaninong'oneza maneno mawili tu: "Usiwashe taa." Kitinda mimba wangu alikuwa na kikohozi. Nilimweka kifuani, nikamfunika kwa khanga, na kila alipovuta pumzi ya kutaka kukohoa nilimpa titi, ingawa nilikuwa nimemwachisha miezi miwili kabla. Ukuta wa hema upande wa miguuni uliingia ndani polepole, ukachukua umbo la ubavu, ukarudi. Mume wangu alikuwa amekaa, ameshika koleo la mkaa, na hadi leo hajanieleza alikusudia kulifanyia nini. Wifi yangu anasema hali hiyo ilidumu saa nzima. Mimi sikuwa na saa, nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto. Kisha tukasikia maji yakipasuka kwa uzito, mara moja, na vyura wakaanza kulia tena.

Asubuhi mvuvi wa dagaa aliyekuwa akirudi na taa zake alisimamisha mtumbwi, akatazama nyayo za vidole vinne zilizolizunguka hema, akatutazama na sisi, akasema: "Mama, mmelala mlangoni kwa mwenyewe." Hakucheka. Alitueleza kwamba kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia ileile, na kwamba akishtuliwa huku mtu amesimama kati yake na maji, hutafuta maji kwa kumpitia mtu huyo. Zile nyasi nilizozisifu zilikuwa zimefyekwa na yeye.

Binti wa Kirumba
Nimesoma nikiwa nimeshika mdomo.

Mkweli wa Mkolani
Pamoja na heshima zote kwa dada, kiboko mwenye uzito wa zaidi ya tani moja akiligusa hema, hema haliwezi kurudi lilivyokuwa. Isitoshe, mngewasha moto wala asingesogea.

Mama Tumaini (Buhongwa)
Kaka, nimesema alilisukuma, sikusema alililalia. Kuhusu moto, tulikuwa nao jioni na ulizimika tulipolala, kama ambavyo hata wewe ungelala.

Nahodha Mstaafu
Msibishane. Moto usiutegemee kumzuia kiboko. Kinachosaidia ni kufika mchana, kuwauliza watu wa mwalo (wanakotua wavuvi) ulio karibu, na kutolala kwenye nyasi fupi zinazogusana na maji. Penye njia ya mifereji miwili, hama hata kama chakula kiko jikoni.

Fundi wa Igogo
Mnaongea mambo ya usiku wakati burudani iko mchana. Sisi huoga ziwani na watoto siku zote mbili, kisha Jumatatu wote tunameza dawa ya kichocho, na biashara inaishia hapo.

Muuguzi wa Zamu
Kaka Fundi, hapo unajidanganya, tena unawadanganya na watoto. Vimelea hutoka kwa konokono wa kwenye maji ya kina kifupi, hasa penye majani, na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Prazikwanteli, dawa hiyo mnayomeza, huua minyoo iliyokwisha kukomaa. Wale walioingia Jumamosi, Jumatatu bado ni wachanga na dawa haiwamalizi. Subirini wiki sita hadi nane, ndipo mwende mkapime. Maji ya kuogea chemsheni, au yachoteni mapema yakae kwenye ndoo siku mbili bila konokono.

Fundi wa Igogo
Babu zetu waliogelea humo maisha yao yote na walifika uzeeni.

Muuguzi wa Zamu
Walifika wangapi, na matumbo yao yalikuwaje? Mimi wenye matumbo hayo ninawapokea wodini.

Mwalimu wa Bwiru
Turudi kwenye kambi. Kilichotushinda sisi si mvua wala kiboko, ni wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Tulitundika taa juu ya meza, na kabla sijamaliza kunawa mikono ugali ulikuwa mweusi na mchuzi unatembea. Bibi yao aliondoa tabaka la juu kwa upawa akaendelea kula. Tangu hapo taa huitundika mbali, na chakula tunakula gizani. Giza hilo lilikuwa na faida yake, kwa sababu usiku huo haukuwa na mwezi na wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka, na binti yangu wa miaka mitano alizitazama taa zao zimepangana ziwani akauliza huo ni mji gani na kama una shule.

Mkweli wa Mkolani
Mwenye hofu aende kisiwa cha Saanane, kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, boti dakika chache tu kutoka Capri Point. Mtashinda na pimbi na pundamilia, jioni kila mtu kitandani kwake.

Binti wa Kirumba
Kurudi jioni si kambi. Mwenye akiba aende Rubondo, kuna askari wa hifadhi, na kuna sokwe ambao vizazi vyao vya kwanza vililetwa kisiwani miaka ya 1960. Ila kuogelea hapana, mamba wapo.

Baba wa Watatu (Nyakato)
Nawashukuru. Mke wangu amesoma habari ya koleo la mkaa, anasema turudi Igombe, hema lisimikwe juu, na zamu ya usiku iwe yangu.

Mama Maua (Pasiansi)
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasoma kimyakimya. Kijiko hicho, mpini wake umepinda kidogo kuelekea kushoto? Tulikuwa Igombe wikiendi moja ya mwaka jana, tukapata mvua kama hiyo, na majirani wa hema la pili walitusaidia kuokota vyombo gizani. M ni ya mama mkwe wangu, ambaye hadi leo kila nikimaliza kuosha huvihesabu mbele yangu.