Mjadala: Pentraksini-2 na makovu ya mapafu, tufunge faili au bado?

Mleta mada: Wadau, pentraksini-2 ni protini ya kutuliza uvimbe inayotengenezwa na ini. Huzuia monositi, aina ya seli nyeupe za damu, zisigeuke seli za kujenga kovu, na wagonjwa wa IPF, yaani makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, hukutwa nayo pungufu. Ile ya maabara, zinpentraxin alfa, ilijaribiwa kwa watu 117 (awamu ya 2, matokeo 2018): miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu, siku ya 1, 3 na 5, halafu kila wiki 4. Kufikia wiki ya 28, FVC, yaani hewa yote unayoitoa kwa nguvu ukishajaza kifua, ilishuka pointi 2.5 za asilimia ya kiwango kinachotarajiwa kwa waliopewa dawa, na 4.8 kwa wa plasebo, yaani dawa bandia. Awamu ya 3 ikasimamishwa 2022. Mimi nasema tusiitupe.

Kipimio: Mkuu, tarakimu za awamu ya 3 umeziruka, na ndizo zenye uzito. Watu 664, wiki 52: wa dawa walipoteza takriban mililita 215 za FVC, wa plasebo 236. Tofauti ni 21! Kwenye spirometa, kifaa cha kupima pumzi, mtu mmoja akipuliza mara mbili zikapishana mililita 150, kipimo bado kinakubalika.

Jabali: Hapo unachanganya mambo. Hizo 150 ni za mtu mmoja, na wastani wa mamia ya watu hupunguza makosa ya mpulizo. Kilichoiangusha ni kwamba hata kwa wingi huo, tofauti ya 21 haikutengana na bahati nasibu. Na ile ya awamu ya 2 ilibebwa na watu wachache wa plasebo walioporomoka kupita kiasi. Piga hesabu: plasebo walikuwa kama 39. Tuseme wawili wameshuka pointi 40 kila mmoja; hao peke yao wanausogeza wastani kwa pointi 2, na faida yote iliyotangazwa ni 2.3.

Mleta mada: Hiyo naikubali. Ila wengi walikuwa tayari wanatumia nintedanib au pirfenidone, dawa za kupunguza kasi ya kovu. Dawa ya pili itaonekanaje?

Jabali: Wa plasebo nao walikuwa nazo, na bado wakapoteza 236. Nafasi ya kuonyesha kazi ilikuwepo. Nintedanib, miligramu 150 mara mbili kwa siku, iliokoa kama mililita 110 kwa mwaka kwenye majaribio yake.

Mama Ziwa: Tatizo ni mahali ilipopelekwa. Kwenye IPF kovu linaendeshwa zaidi na seli za ukuta wa vifuko vya hewa zinazojeruhiwa kila mara. Uvimbe si dereva. Mwaka 2011 mchanganyiko wa prednisone (dawa ya kutuliza uvimbe, ndugu wa prednisolone), azathioprine na asetilisisteini ulisitishwa Marekani: vifo 8 dhidi ya 1 cha plasebo. Kichocho cha tumbo huku Ziwa Victoria ni habari nyingine, mayai yakikwama kwenye ini uvimbe ndio unaotangulia kovu.

Kipimio: Lakini huko praziquantel, miligramu 40 kwa kilo, inaua mnyoo anayetaga, na kovu la ini huweza kurudi nyuma, hasa kwa vijana. Protini ya dripu kila wiki 4 itaongeza nini?

Mama Ziwa: Kwa kijana, sioni. Namfikiria mvuvi wa miaka 45 ambaye mishipa ya damu ya umio imeshavimba kwa sababu ya kovu la ini. Minyoo ikifa leo, kovu lake linabaki, na kesho yuko majini tena. Huyo ndiye wa kupimwa, na apimwe kwa altrasaundi ya ini kabla na baada.

Jabali: Basi jaribio lianze na hao, kwa plasebo na idadi ya kutosha. Na aliye na IPF asiwekwe kwenye prednisolone ya kudumu kwa kisingizio cha "kutuliza uvimbe" wakati mjadala unaendelea.