Naomba ushauri: mitoki ya shingoni, utrasaundi inasema "limfoma au TB" (limfoma ni saratani ya tezi)

Wakuu habari za leo, na madaktari mliomo humu shikamooni.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 27, ana mitoki upande wa kushoto wa shingo tangu miezi minne iliyopita. Haimuumi. Usiku anatoka jasho hadi shuka linalowa, na amepungua kilo 8. VVU hana, makohozi hayakuonyesha kitu, lakini alianzishiwa dawa za TB kwa kukisia tu. Huu mwezi wa pili na uvimbe unazidi kukua.

Wiki jana tulilipia utrasaundi. Majibu: tezi kadhaa za mviringo, kubwa ina sentimita 3.6, nyeusi, ule weupe wa katikati umepotea, damu inapita kwa wingi ndani yake. Bandama nayo imevimba. Kabla ya hapo walinyonya kwa sindano nyembamba, jibu likaja "seli hazitoshi".

Daktari mmoja anasema tumalize miezi 6 ya dawa. Mwingine anataka tezi nzima itolewe ikapimwe. Mama hataki kabisa kusikia kisu (kwake saratani ikiguswa inasambaa), na mimi nimebaki katikati.

Naomba kujua mawili:

Je, utrasaundi peke yake inaweza kutenganisha TB na limfoma, au kazi yake ni kuonyesha tezi ipi ikatwe?

Pesa tuliyonayo inatosha kimoja kwa sasa: tuanze na kinyama (kutoa tezi ikapimwe), au CT scan ya kifua na tumbo?