Mjadala: MRI iwe sharti kabla ya kutibu sonona kwa sumaku?

Mleta mada
Msimamo wangu: mtu asianze matibabu ya sumaku (koili, yaani waya uliozungushwa, huwekwa kichwani na kupiga ubongo kwa mapigo ya sumaku) kabla ya kupigwa MRI, picha ya ndani ya ubongo. Tangu Marekani iruhusu mashine hizi mwaka 2008, kliniki nyingi zimetegemea kipimo kimoja: tafuta mahali kichwani panaposhtua kidole gumba cha kulia, songa mbele sentimita 5, weka koili. Kwa mwenye kichwa kikubwa hazitoshi. Koili inaishia juu ya eneo linalopanga miendo ya mwili, na mgonjwa anamaliza wiki zake akipigwa pasipohusika.

Mchangiaji wa 2
Mkuu, sentimita 5 hatuzitetei. Ila kuna njia ya Beam, inayotaka futi kamba tu. Pima mzingo wa kichwa, kisha mzizi wa pua hadi kinundu cha kisogoni, kisha sikio hadi sikio kupitia utosini. Programu ya bure inakupa nukta F3, mahali pa mbele kushoto kichwani pa kuweka koili. Mara nyingi kinachoharibu ni vitu vya kawaida: kofia yenye alama imeteleza, koili haijalala sawasawa kwenye fuvu, au dawa zimebadilishwa na nguvu ya kushtua kidole haikupimwa upya.

Mchangiaji wa 3
Tutenganishe picha mbili. MRI ya umbo inaonyesha mikunjo ya ubongo, na kamera inaiongoza koili ifike palepale kila siku. MRI ya utendaji inachagua nukta yenyewe kwa kutazama maeneo yanayowasiliana. Hii ya pili ndiyo yenye utata. Jaribio la BRIGhTMIND la Uingereza, lililochapishwa 2024, lilikuwa na wagonjwa 255 ambao dawa hazikuwasaidia. Vipindi 20 kila mmoja. Hadi wiki ya 26, waliochaguliwa nukta kwa mawasiliano ya ubongo hawakuwazidi wenzao wasiochaguliwa hivyo.

Mleta mada
Lakini wenzao hao nao walipigwa MRI na kuongozwa kwa kamera! Jaribio hilo haliwezi kuthibitisha kwamba futi kamba inatosha. Tena makundi yalitofautiana hata kwa mtindo wa mapigo ya sumaku, na mawasiliano yaliyofuatwa yalianzia insula ya kulia, sehemu iliyojificha ndani ya ubongo, si sabjenyuali, eneo la ndani ya ubongo linalohusishwa na sonona, ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanalifuata.

Mchangiaji wa 3
Sawa, tuje kwenye matibabu ya Stanford. Vipindi 10 kwa siku, siku 5, mapigo 1,800 kila kipindi: jumla 90,000. Jaribio lao la 2022 lilikuwa na watu 29, na hata waliopewa sumaku ya bandia walichaguliwa nukta kwa picha. Nafuu iliyoonekana ni ya picha au ya wingi wa mapigo? Halijibu.

Mchangiaji wa 4
Ongezeni hili: sabjenyuali iko jirani na mapango ya hewa ya pua, kwa hiyo ishara yake hufifia kwenye picha. Mgonjwa akitikisa kichwa kidogo, nukta inahama. Anayetaka kuitumia apige picha mara mbili na kulinganisha. Nukta zikiachana zaidi ya sentimita moja, aachane nayo, arudi F3.

Mleta mada
Kwa MRI ya utendaji naondoa neno sharti. Kwa MRI ya umbo siliondoi pale mgonjwa alipowahi kupata kiharusi au kupasuliwa ubongo. F3 inapimwa juu ya fuvu. Haijui chini yake kimebaki nini.