Santuri za baba: ninunue mashine gani ya kuzirekodi?

Binti wa Kihesa, Iringa: Shikamooni wakubwa. Marehemu baba ameniachia santuri 60, nyingi zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Kwenye kona ya kila jalada ameandika kwa kalamu siku aliyoinunua. Nataka kuziingiza kwenye kompyuta. Kile kisanduku cha kuchezea santuri chenye spika humo humo kinafaa?

Fundi wa Mwanjelwa: Marahaba dada, pole kwa msiba. Hicho achana nacho! Mkono wake wa sindano unakandamiza santuri na huwezi kuupunguzia uzito. Chukua gramafoni ya Audio-Technica AT-LP120XUSB, inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Ila kama gramafoni ya mzee bado inazunguka, kifaa kidogo cha Behringer UFO202 kinatosha: kinakuza sauti ya sindano na kuipeleka kwenye kompyuta. Sindano weka mpya kwanza.

Mstaafu, Tukuyu: Huku kwetu mvua haikatiki, ukungu umeniharibia santuri tatu. Mwanangu, zisafishe kabla ya kurekodi, lebo isilowe. Hifadhi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), MP3 (faili dogo lililobanwa) utatengeneza baadaye. Programu ya kurekodi ya Audacity ni bure.

Binti wa Kihesa: Gramafoni ipo, mkanda tu umelegea. Asanteni sana. Na yale majalada nitayapiga picha, mwandiko wa baba usipotee.