Tovuti ya programu yetu ya maji ya bahari imechakaa: niibomoe au niikarabati?

Binti_Micheweni

Asalaam alaykum jamani. Nnaomba ushauri wa watu waliowahi kuitunza tovuti ya programu huria kwa miaka, si kuijenga tu na kuondoka.

Kwa wasiotujua: tuna programu ndogo ya kukokotoa kupwa na kujaa kwa maji. Aliianzisha kijana mmoja wa hapa Pemba alipokuwa chuoni, na msimbo wake uko wazi, anayetaka auchukue. Inatoa saa za maji kujaa na kupwa, kimo chake, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na za maji mafu, yanaposogea kidogo. Mwanzo waliitumia wavuvi wachache. Leo watumiaji wengi ni kina mama wa mwani, kuanzia hapa kwetu Kiuyu Mbuyuni mpaka Paje na Jambiani huko Unguja. Mwani hufanyiwa kazi bamvua, maji yakitoka mbali. Mama anayejua mapema siku na saa hupika, hupeleka mtoto skuli na kushuka pwani bila ya kukimbizana. Kwa hiyo hii tovuti kwangu si jambo la pembeni. Ikikosea, kuna mtu anateremka pwani na kukuta maji yamejaa.

Mwanzilishi amepata kazi ng'ambo, na tovuti nimeachiwa mie. Programu yenyewe haina shida, wapo wenzangu wanaoiangalia na matoleo yanatoka. Tovuti ndiyo iliyokosa mwenyewe. Ukurasa wa mbele bado una jedwali la maji la mwaka uliopita. Maelekezo ya kuiweka programu kwenye simu ni ya toleo la kwanza, na sasa tuko la tatu, hata vitufe vinavyotajwa havipo tena. Imejengwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na themu yake, yaani sura ya tovuti, imeachwa na aliyeitengeneza. Kwa sababu hiyo seva imebakishwa kwenye PHP 7.4, toleo la zamani la lugha iliyoandikiwa WordPress, ambalo liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Nikipandisha PHP, themu inavunjika na menyu yote inapotea. Juu kabisa kuna picha ya ngalawa, nzuri kweli, lakini peke yake ni nzito kuliko majedwali ya mwaka mzima, na mtu wa bando la mia tano anaisubiri mpaka anakata tamaa. Na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, limesajiliwa kwa jina la mwanzilishi, analilipia kwa kadi yake mwenyewe.

Wenzangu wawili wanataka tuibomoe yote tuanze upya. Wameshachora mchoro, una picha zinazotembea na rangi za kupendeza. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja ya kuwaambia. Ninachojua ni kwamba kuna kina mama waliobandika anwani ya ukurasa wa mwani kwenye banda la kukaushia, na walimu wa jiografia walioitia anwani hiyo hiyo kwenye nukuu za wanafunzi wao.

Tuanze upya au turekebishe? Na tukishamaliza, vipi tuhakikishe haturudi hapa hapa baada ya miaka miwili, kwa watu hawa hawa wachache wanaojitolea jioni baada ya kazi?

kijana_wa_Tunguu

Dada, toka WordPress. Programu yenu haihitaji hifadhidata ya tovuti. Andika kurasa kwa maandishi ya kawaida, tumia programu ya Hugo izigeuze kuwa kurasa tuli, yaani zilizokwisha andaliwa, zisizotengenezwa upya kila zinapofunguliwa, weka kwenye GitHub Pages, huduma ya tovuti ya ghala la msimbo GitHub, hulipii seva. Hakuna PHP ya kupandisha, hakuna plagini ya kudukuliwa. Kurasa tuli ni nyepesi, hata kwenye simu ya kitochi yenye intaneti zitafunguka. Kama mnataka mkono wa kuhamisha, nipo.

Maalim_Mkunazini

Wa alaykum salaam, mwanangu. Nimekuwa nikitunza maelekezo ya programu huria nyingine, ya mambo ya ramani, tangu wengi humu wakiwa skuli, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kijana wa Tunguu amesema kweli juu ya chombo, na mimi pia ningeiacha WordPress kwa kazi kama yenu. Lakini kurasa tuli nazo huoza. Nimeona tovuti zilizohamishwa kwa shangwe, mwaka wa kwanza zinang'aa, wa pili maelekezo yako nyuma ya toleo kama mwanzo. Jedwali lenu la mwaka jana limebaki pale kwa sababu lilimsubiri mtu akumbuke Januari. Ukibadilisha chombo bila kuiondoa kazi hiyo ya kukumbuka, mtabomoa tena.

Kabla ya yote hayo, shughulikia kikoa. Leo, kabla hujagusa rangi wala picha. Kadi ya huyo kijana ikiisha muda, au barua pepe yake ya zamani ikifungwa, jina linaanguka na mtu yeyote duniani anaweza kulinunua. Na hata lisipoanguka, jina likiwa mkononi mwa mmoja, jamii haina nyumba. Someni yaliyoipata Koha, programu huria ya maktaba iliyoanzia Nyuzilandi mwaka 1999. Jina koha.org liliishia mikononi mwa kampuni ya Marekani, na kampuni na jamii zilipotofautiana, waandishi wa programu walijikuta hawana mamlaka juu ya tovuti ya programu yao wenyewe. Ikawabidi wahamie jina jipya, koha-community.org, na ndilo wanalotumia mpaka leo. Hao walikuwa na watu wengi na maktaba nyingi nyuma yao. Nyinyi mkipoteza anwani iliyobandikwa kwenye banda la mwani, nani atapita kijiji kwa kijiji kuibandua?

Kwa hiyo: kikoa kihamishiwe kwenye akaunti ya kundi, funguo zake wawe nazo watu wasiopungua wawili, mmoja Pemba mmoja Unguja ikiwezekana, na malipo yafanywe ya miaka kadhaa kwa pamoja mkiweza. Vivyo hivyo kwa akaunti ya seva na ya msimbo. Andikeni ukurasa mmoja wa watunzaji unaosema nini kiko wapi na nani ana ufunguo. Pasiwedi msiziandike humo, majina ya wenye nazo yanatosha.

Sasa jedwali. Mwanangu, programu yenu inajua maji ya mwaka 2040. Maji hufuata mwezi na jua, hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Ndiyo maana yanakokotoleka. Kwa nini basi binadamu anakili majedwali kwa mkono na kuyatia kwenye tovuti? Iachieni programu iandike kurasa zake. Kila usiku mashine iiamshe, itoe jedwali la mwezi huu na ujao, ijenge tovuti upya, basi. Hapo ndipo Hugo ya kijana wa Tunguu inapofaa hasa. Tovuti itabadilika mwaka ukibadilika hata kama nyote mko harusini.

Maelekezo hayawezi kujiandika, kwa hiyo yanataka sheria. Yatoeni kwenye tovuti, myaweke ndani ya ripo, yaani ghala, ile ile ya msimbo. Kisha muwekeane: anayebadilisha kitufe anabadilisha na ukurasa unaokitaja, katika badiliko hilo hilo, la sivyo badiliko halipokelewi. Namba ya toleo isomwe kutoka faili moja, isiandikwe kwa mkono kurasa kumi. Na kuna jambo tulilolianza sisi ambalo silibadilishi kwa lolote: toleo halitoki mpaka mtu asiyeandika hata mstari mmoja wa msimbo achukue simu ambayo programu haimo, afuate maelekezo neno kwa neno, na anayemwangalia afunge mdomo. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha. Mwandishi hapaoni, kwa sababu njia anaijua.

Kuhusu anwani, moyo wako umekwenda sawa, na hoja yake ipo tangu 1998, pale Tim Berners-Lee, aliyeivumbua hii Wavuti, alipoandika kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Muundo mbadilishe mpendavyo. Ukurasa wa mwani ubaki pale pale ulipo. Unaolazimika kuhama, acheni nyuma maelekezo ya 301, yanayoiambia brauza kuwa ukurasa umehama kabisa na umehamia wapi. Hapo GitHub Pages itawabana, kwa sababu haikupi nafasi ya kuandika 301 zako mwenyewe. Hugo inaweza kutengeneza ukurasa mdogo unaomsukuma msomaji kwenda anwani mpya, na kwa watu inatosha. Orodha ya anwani msiikisie. Ombeni logi za seva ya sasa, yaani kumbukumbu za kurasa zilizoombwa, kabla hamjaifunga, muone kurasa zipi zinafunguliwa na zipi zinarudisha 404, yaani ukurasa haupo. Mara nyingi utakuta ukurasa mliokuwa mkitaka kuutupa ndio unaoendewa na watu.

Na ile picha. Sikatai uzuri, lakini punguzeni uzito, na fonti ziwekeni kwenu wenyewe. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikazorota, tovuti nyingi zilizongojea fonti na vikorokoro kutoka seva za mbali zilibaki nyeupe wakati maandishi yake yalikuwa yameshafika. Jedwali la maji ni tarakimu tupu. Halina haja ya kungojea kitu.

Hao wenzako wawili usiwavunje moyo. Mchoro wao utumieni mwisho, juu ya mifupa iliyosimama.

Mama_Mwani_Jambiani

Mie si mtu wa kompyuta, mwanangu kanisomea akaniambia changia, mama, wewe ndiye unayeitumia. Nataka kusema tunaifungua kwa jambo moja tu: leo maji yanatoka saa ngapi na yanarudi saa ngapi. Hilo liwe juu, kabla ya salamu na kabla ya ngalawa.

Saa ziandikwe zetu. Ikiandikwa 14:20 mimi naelewa, lakini nikimsomea mama yangu lazima nipige hesabu ndio nimwambie saa nane na dakika ishirini. Na tarehe ya mwezi wa kuandama iwe pembeni, maana sisi bamvua tunalihesabu kwa mwezi, mwandamo na mpevu. Tukiona zote mbili zimekubaliana tunaamini.

Halafu liwe la kuchapa karatasi moja. Kikundini kwetu wenye simu za kufungua mambo haya ni wachache, anayekwenda mjini ndiye anayechapisha na kuturudishia. La sasa linatoka karatasi nne na picha nusu.

Na jengine. Kusi likivuma kwa nguvu maji hayatoki kama mlivyoandika. Sisi tunajua, lakini wasichana wanaoanza wanasema programu ni ya uongo. Andikeni neno hapo hapo chini ya saa. Na wekeni namba ya kupelekea habari, maana tukiona kosa hatujui tumwambie nani.

Binti_Micheweni

Allah awalipe nyote. Mama wa Jambiani, maneno yako nimeyachukua kama yalivyo nimeyabandika kwenye orodha ya kazi, la kwanza likiwa saa. Hatukuwa hata na pahala pa kupelekea habari, na hilo nalirekebisha wiki hii kwenye tovuti ya zamani, halingojei mpya. Neno la upepo pia. Hesabu yetu ni ya mwezi na jua, upepo haumo, na mtu ana haki ya kuambiwa.

Maalim, nimempigia mwanzilishi. Amefurahi, anasema kikoa kilikuwa kikimtia wasiwasi yeye pia. Tunakihamisha, na wa pili wa kushika ufunguo atakuwa mwenzetu aliye Mwanakwerekwe. Logi nimeomba. Ukurasa unaofunguliwa kuliko wote ni wa mwani, sawa, lakini wa pili ni maelezo ya bamvua kwa wanafunzi, na huo wenzangu walikuwa wameshauondoa kwenye mchoro. Nimewaonyesha logi, wameurudisha bila ya ubishi.

Ila sheria yako ya maelekezo ndani ya ripo inanipa tabu sehemu moja. Wanaotusahihishia Kiswahili cha kurasa zile si waandishi wa msimbo. Yuko mwalimu wa Wete mwenye kalamu nzuri, wako kina mama wenyewe. Nikiwaambia wafungue akaunti ya GitHub ndio wasahihishe neno, nimeshawafungia mlango.

Maalim_Mkunazini

Usiwafungie. Sheria ni ya waandishi wa msimbo. Mwalimu wa Wete akutumie ujumbe, hata wa sauti, nawe au mwenzako autie kwenye ripo kwa jina lake, ili kazi yake ionekane kwenye historia ya mradi. Wakizidi, iko Weblate, nayo ni programu huria, mtu anasahihisha sentensi kwenye brauza na Git, chombo kinachotunza historia ya msimbo, inafanya kazi nyuma bila yeye kuiona. Lakini mteueni mmoja wa kupokea, kwa jina. Kundi zima likiwa mpokeaji, ujumbe hulala.

Binti_Micheweni

Basi mpokeaji ni mie mpaka atokee mwengine. Kijana wa Tunguu, mkono wako nimeupokea: ukurasa wa kwanza nnaotaka tuuhamishe ni wa mwani, anwani ile ile, saa za Kiswahili juu, karatasi moja ikichapwa. Na nnatafuta mtu mwenye simu ya zamani, kioo kidogo, ambaye hajawahi kuiona programu yetu, akae na mie Chake Chake au Wete afuate maelekezo mapya huku nimefunga mdomo. Nauli ya daladala juu yangu.