Amenifungia kompyuta kikaoni kwa KIDOLE KIMOJA, skripti ikiwa bado inakimbia

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Mnamjua. Kila ofisi yenye seva anaye. Yule wa mitandao, mwenye ufunguo wa chumba cha seva kiunoni, hata msalani anaenda nao. Wateja walie, matawi yazime, bahari ikauke, yeye jibu lake ni lile lile tangu Nabii Nuhu: "Mbona kwangu inajibu?"

Leo wateja wameshindwa kuingia kwenye mfumo tangu asubuhi. Nikaandika skripti ya bash, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazikimbiza yenyewe. Inasoma orodha ya seva mstari kwa mstari, inapingi kila moja (inaitumia ujumbe mdogo kuona kama itajibu), halafu inagonga poti, yaani mlango wenye namba ambao huduma yenyewe inasikiliza. Majibu yakatoka peupe: seva ya hifadhidata inajibu ping, lakini poti 5432 IMEFUNGWA. Seva ya wavuti haijibu ping, lakini poti 443 iko wazi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nikamgeuzia bosi kioo aone. Huyu bwana hakusoma hata mstari mmoja. Akanyoosha mkono, AKAIFUNGA KOMPYUTA YANGU KWA KIDOLE KIMOJA, akafungua ya kwake, akapingi seva moja. MOJA! Ikajibu. "Bosi, mtandao mzima. Hayo ni ya watu wa programu."

Kidole kimoja wakuu. Tena kile kidogo.

Ping ni ICMP, itifaki ya ujumbe wa kukagua mtandao, na ICMP haina habari na poti. Ikijibu, maana yake mashine iko hewani na njia ipo, basi. Hifadhidata inaweza kuwa imezimwa tangu Idi na ping ikajibu mpaka kiyama. Isipojibu, huenda faiwoli, ule ukuta wa ulinzi wa mtandao, imezuia ICMP tu, na aliyeizuia kwenye seva ya wavuti ni YEYE! Mike Muuss aliiandika ping Desemba 1983 ili atafute hitilafu ya mtandao. Hakuiandika iwe hati ya kujitetea mbele ya bosi.

Na dada wa uhasibu alikuwepo, akakiona kidole.

mzee_wa_kebo: Pole sana mdogo wangu. Ila kompyuta inayofungika kwa kidole kidogo, bawaba zimekwisha. Anza na fundi.

Shangazi Terminali: Wa kwetu tulimwambia poti 22 imefungwa, akatoka na bisibisi kwenda kuitafuta ukutani.

kijana_wa_usiku: Malalamiko mengi, skripti hatuioni. Weka tuione.

Mleta uzi: Hii hapa:

```
while read -r s p; do
  ping -c 1 -W 2 "$s" >/dev/null 2>&1 && a=ndiyo || a=hapana
  nc -z -w 3 "$s" "$p" >/dev/null 2>&1 && b=wazi || b=hapana
  echo "$s ping:$a poti $p:$b"
done < seva.txt
```

Sasa niambieni, hii ni ya kufungiwa? Kwa kidole?

kijana_wa_usiku: Skripti nzuri ila kobe. Seva 100 zikifa zote, sekunde 2 za ping na 3 za nc inayogonga poti, hizo ni sekunde 500. Zaidi ya dakika nane bosi anatazama kioo. Kila ukaguzi utupe nyuma kwa & ili zote zikimbie pamoja, halafu weka wait mwishoni. Huenda alifunga kwa kuchoka kusubiri.

Mleta uzi: HAKUCHOKA. HAKUSOMA.

binti_wa_seva: Mnajua nani mbaya zaidi? Aliyebuni -W, ile ya muda wa ping kusubiri jibu. Kwenye Linux ni sekunde, kwenye Mac ni milisekunde. Kijana wetu akakimbiza -W 2 kwenye Mac yake, kila seva ikaonekana maiti, akamwamsha meneja saa nane usiku.

Shangazi Terminali: Afadhali huyo. Meneja wetu alihariri orodha ya seva kwa Notepad ya Windows, kila mstari ukabaki na \r mwishoni, alama ya Windows isiyoonekana. Skripti ikasema hakuna jina hata moja linalojulikana. Tulitukanana nusu siku kabla mtu hajakumbuka kuifuta kwa `sed -i 's/\r$//'`.

tufaha_lililoumwa: Acheni kuwasema wenye Mac, nyie wa kompyuta zinazonguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

binti_wa_seva: Inanguruma lakini sekunde ni sekunde.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Amenifungia mbele ya bosi.

mzee_wa_kebo: Mada ipi tena? Wa kwetu anachomoa swichi ili achaji simu.

Shangazi Terminali: Simu? Kwetu ni birika! Kila saa nne asubuhi tawi linapotea. Tukaweka skripti kwenye cron, ile ya kukimbiza amri kwa ratiba, kila dakika, tukapata chanzo: chai ya fundi, ndani ya chumba cha seva, kwenye soketi ya swichi.

kijana_wa_usiku: Tawi linapotea kwa muda gani?

Shangazi Terminali: Dakika kumi na mbili. Akiweka tangawizi, ishirini.

mzee_wa_kebo: Hilo birika ni bovu. Litakuwa na chokaa ndani. Chemsheni maji na ndimu.