Vyambo bandia kwa mputa: fimbo ya kaboni au ya faibaglasi?

Mtega_Masindi
Wakuu, habari za leo. Natafuta fimbo ya kurushia vyambo bandia kwa ajili ya mputa (sangara): kwenye miamba chini ya maporomoko ya Murchison, hapa Uganda, na mara chache botini huko Jinja. Vyambo ni vya aina mbili. Kuna samaki wa plastiki ngumu wenye ulimi wa kuzamia, sentimita 12 hadi 15, gramu 30 hadi 55, ndoano za meno matatu. Kuna pia samaki wa mpira laini kwenye kichwa cha risasi, gramu 40 hadi 60, ndoano moja nene. Mshipi ni wa kusukwa, ratili 50. Mashauri mengi mtandaoni yanahusu samaki aitwaye besi wa Marekani, na karibu wote husema kaboni yenye mpindo wa ncha. Nina fimbo ya namna hiyo. Kwenye mpira laini haina neno, ila kwenye chambo cha ulimi samaki anashika, anaruka, anatikisa kichwa mara mbili, ndoano imetoka. Kosa ni la fimbo? Na faibaglasi bado ina kazi siku hizi?

Fundi_wa_Pete
Ina kazi, ndugu, na hiyo unayoieleza ndiyo kazi yake hasa.

Tutenganishe kwanza mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Mpindo ni mahali fimbo inapokunjika. Ugumu ni uzito unaotakiwa ili ikunjike. Fimbo inaweza kuwa ngumu kama mpini wa jembe na bado, samaki mzito akivuta, ikakunjika hadi karibu na mkono. Kwenye maandishi ya fimbo, F ni mpindo wa ncha: theluthi ya juu ndiyo inayokunjika, chini inabaki imenyooka. M ni mpindo wa kati, inakunjika hadi nusu. MF ipo baina ya hizo. Tatizo ni kwamba M hiyohiyo huandikwa pia kwa ugumu wa wastani, kwa hiyo angalia imeandikwa kwenye mstari gani.

Sasa rudi kwenye ndoano, maana ndiyo inayoamua. Jino la ndoano ya meno matatu ni jembamba na fupi; linaingia kwa urahisi lakini linashika nyama kidogo. Mputa akitikisa kichwa, kitu fulani lazima kilegee. Mshipi wa kusukwa hauvutiki. Fimbo ya mpindo wa ncha, ncha ikishafika mwisho wake, nayo hailegei. Kilichobaki ni tundu la ndoano mdomoni: linapanuka, au jino linanyooka. Mpindo wa kati unafuata kichwa chake kinapokwenda na mshipi haulegei hata sekunde moja.

Tena kuna suala la muda. Mputa hafukuzi na kuuma kama mbwa. Hufungua mdomo mpana na kufyonza maji pamoja na chambo. Fimbo kali ikijibu papo hapo, unakitoa chambo mdomoni kabla hajaufumba. Faibaglasi inachelewa kidogo, na hapo kuchelewa ni faida.

Mpira laini ni kinyume kabisa. Ndoano moja nene inahitaji nguvu ili ipenye mdomo wa mfupa, na unataka kuhisi kichwa cha risasi kikigonga jiwe. Hapo kaboni, F, bila mjadala.

Ghuba_ya_Napoleon
Nakubali kuhusu mpindo, ila tusiuchanganye na malighafi. Kaboni ya M ipo, na faibaglasi ya MF ipo. Malighafi inakupa mambo mengine: uzito, hisia na uvumilivu.

Kaboni ya kawaida huandikwa tani 24, yaani ugumu wake kwa kila milimita ya mraba. Faibaglasi ya kawaida ni kama tani 7. Ndiyo maana fimbo ya faibaglasi yenye nguvu sawa inakuwa nene na nzito, na baada ya saa tatu za kurusha kiwiko kinalalamika. Ukipanda hadi tani 40, ukuta wa fimbo unakuwa mwembamba na mkavu. Hiyo inafaa kwa besi, ambaye rekodi yake ya dunia ni kilo 10 na kidogo tu. Mputa wa kilo 10 hapa bado ni kijana. Kwa mputa usivuke tani 30.

Na usibadilishe ndoano bila kufikiria. Ukiweka za waya mnene ili zisinyooke, sasa zinataka nguvu zaidi kupenya, na faibaglasi laini haitazisukuma. Chambo nacho kinaweza kuwa kizito, kikaacha kuyumba. Panda ngazi moja tu ya unene, kisha kivute kando ya boti uone kama bado kinatikisa mkia.

Mtega_Masindi
Asanteni sana. Pesa inatosha fimbo moja. Na madukani nyingi zimefutika maandishi. Nitajuaje mpindo?

Fundi_wa_Pete
Chukua kidumu cha lita 5, tia maji lita 3: hizo ni kilo 3, na kidumu chenyewe kama robo kilo. Pitisha mshipi kwenye pete zote, ufunge kwenye mkono wa kidumu, shika fimbo kwa nyuzi 45, uinue polepole huku mwenzako akitazama kwa ubavu. Usipime kwa chupa ya nusu lita, kwa sababu kila fimbo huanza kukunjika nchani uzito ukiwa mdogo, na zote zitaonekana F. Kwenye fimbo ya mita 2.4, kona ikiishia sentimita 80 kutoka nchani, ni F. Ikifika mita 1 hivi, MF. Ikifika mita 1.2, M. Kama kilo 3 zinaipinda hadi mkononi, irudishe, haina nguvu ya mputa.

Usiisimamishe wima kidumu kikiwa kinaning'inia. Kaboni huvunjika hivyohivyo samaki akiwa chini ya boti na mvuvi ameinua mikono juu: mzigo wote unahamia sentimita 30 za ncha.

Kwa fimbo moja ya kazi zote mbili: mchanganyiko wa kaboni na faibaglasi, MF, ugumu H (yaani fimbo ngumu), mita 2.4, uzito wa kurusha gramu 30 hadi 80. Urefu huo unavusha mshipi juu ya miamba na kukuruhusu kusimama nyuma ya ukingo. Mamba wa pale si wa mchezo.

Ghuba_ya_Napoleon
Naunga mkono. Ukivuta chambo cha ulimi na samaki akashika, usishtue fimbo. Endelea kuzungusha rili, fimbo ikijaa uzito ndipo uivute kwa ubavu.

Dada_wa_Rili
Kaka, ongeza haya. Breki ya rili: funga mshipi kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki mwaloni, uvute fimbo ikiwa imepinda. Mshipi wa ratili 50 ni karibu kilo 23, robo yake, ambayo ndiyo kikomo cha breki, ni kilo 5 na nusu hivi. Kwa meno matatu weka 4, kwa ndoano moja weka 5 na nusu. Mbele unganisha nailoni ya ratili 80 hadi 100, mita 1 na nusu, kwa kuwa meno yake ni kama msasa na ukingo wa shavu unakata.

Kabla ya kulipa, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikiacha uzi, pete ina ufa na itakula mshipi wako.

Na usiifunge kwenye boda ikiwa wazi. Kichwa cha risasi kikigonga kaboni njiani kinaacha alama ndogo kama ya kucha, na fimbo itavunjika hapohapo siku samaki akivuta. Paipu ya maji ya plastiki, inchi 3, kifuniko kila upande, inatosha.

Mtega_Masindi
Nimeelewa, dada. Vyambo vinakaa kwenye boksi lake, si kwenye paipu hiyohiyo?

Dada_wa_Rili
Boksi lake. Na mshipi ukate kwenye pete ya ncha kabla ya kuitia fimbo ndani.